Hesabu Pointi Kabla ya Mita

Nina chumba hapa Mamba ambacho kwa miezi kadhaa ya mwaka si changu. Mpunga ukishavunwa, magunia huingia humo kusubiri bei, nami hutoka. Miezi inayobaki nataka kujenga humo reli. Si ya kupanda, ni ya kutazama: treni ambayo behewa lake unalinyanyua kwa vidole viwili. Nimechagua kazi ninayoijua. Treni inaingia stesheni ya mwisho wa njia ikitokea Tabora, kichwa kinafunguliwa, kinapita njia ya pembeni kuyazunguka mabehewa, kinafungwa upande wa pili, kisha safari ya kurudi inaanza. Yeyote aliyewahi kukalia mizigo yake pale Mpanda akisubiri treni iondoke ameiona kazi hiyo.

Kabla ya kutuma fedha nilikaa na daftari nikilinganisha bei. Nilidhani nitakuwa nahesabu mita za reli. Kumbe mita ndiyo sehemu rahisi ya hesabu. Kinachokula fedha, nafasi na uvumilivu ni pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili na ndimi mbili za chuma zinaamua gurudumu lielekee wapi. Wafanyakazi wa reli huiita pointi, nami sitafuti jina jingine.

Kichwa hakiwezi kuyazunguka mabehewa bila pointi mbili. Ukitaka njia ya ghala, ongeza ya tatu. Ukitaka mahali pa kuegesha matangi ya mafuta, ya nne. Ukitaka kichwa cha pili kilale pembeni, ya tano. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na pointi nane, na niliufurahia jioni nzima mpaka nilipofungua orodha ya bei.

Uwanja wenyewe ni nusu ya plaiwudi. Karatasi nzima ni sentimita 244 kwa 122. Nimeipasua kwa urefu nikapata ubao wa upana wa sentimita 61, halafu nikaukata katikati ili vipande viwili vipite mlangoni magunia yakija. Kutoka Kaliua, tawi letu linakoanzia, hadi Mpanda ni kilomita 210 hivi, na ukizipunguza mara 120, kipimo nilichochagua kama nitakavyoeleza, bado unabaki na mita 1,750, yaani njia ingetoka chumbani kwangu, ikavuka mashamba na kuwapita majirani. Kwa hiyo najenga stesheni tu. Njia ya kwenda Kaliua inaishia nyuma ya gunia.

Swali la kwanza dukani ni upana. Tawi letu, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda, lina upana wa mita moja kati ya reli na reli, sawa na reli ya kati ya zamani. TAZARA ni milimita 1,067, ndiyo maana mzigo wake ukitaka kuingia reli ya kati unahamishwa Kidatu. SGR ni milimita 1,435, na upana huo ndio unaoigwa na karibu watengenezaji wote wa reli ndogo wa Ulaya na Marekani. Ukinunua reli ya dukani bila kupiga hesabu, unaijenga SGR huku ukidhani unaijenga reli ya babu yako.

Hesabu ni fupi. Kwa kipimo cha 1:87, ambacho mabingwa wanakiita HO, mita moja inakuwa milimita 11.5, na reli ya milimita 12 inapatikana: Peco wa Uingereza wanayo, na Wajerumani Bemo na Tillig pia. Ni sahihi na inapendeza machoni, lakini ni soko dogo, kwa hiyo pointi zake ni ghali na ukikosa moja utasubiri. HO ya kawaida ina reli ya milimita 16.5, yenye uchaguzi mpana kuliko zote duniani. Hiyo ni SGR, na ubao wangu haungeitosha. Kwa kipimo cha 1:160 ungehitaji upana wa milimita 6.25, na iliyo karibu ni reli ya milimita 6.5 ya kipimo cha Z. Sitaijadili. Macho yangu yamepita umri huo.

Inabaki njia ya katikati, niliyoichagua: kipimo cha 1:120 juu ya reli ya milimita 9. Ukitaka usahihi kamili wa tawi la Mpanda ungehitaji milimita 8.3, kwa hiyo nimezidisha kwa chini ya milimita moja. Anayetaka kuijenga TAZARA ana bahati zaidi: 1,067 ukigawa kwa 120 ni 8.9, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Watu wa New Zealand, ambao reli zao ni za milimita 1,067, wana desturi ya siku nyingi ya kujenga hivyo hivyo. Faida kubwa ni sokoni. Milimita 9 ndiyo reli ya kipimo cha N, inayotengenezwa kwa wingi na kampuni za Uingereza, Japani, Ujerumani na Marekani, basi bei zake zinashindana. Kichwa cha treni cha Tanzania katika kipimo hiki hutakipata kwenye duka lolote. Utanunua chasisi ya Kijapani yenye mota na magurudumu, na bodi utaikata mwenyewe kwa kadibodi. Mabehewa vivyo hivyo. Kwangu hiyo ndiyo nusu ya raha.

Kisha kuna namba ambayo wauzaji huiandika bila kuieleza: code 80, code 55. Ni kimo cha reli kwa sehemu za elfu za inchi. Code 80 ni kama milimita 2, code 55 ni milimita 1.4. Zidisha kwa 120 uone: code 80 ingekuwa reli ya kimo cha milimita 244, ambayo haipo popote katika nchi hii. Code 55 inatoa milimita 168, na reli ya kilo 60 kwa mita iliyolazwa kwenye SGR ina kimo cha milimita 172. Maana yake hata ile nyembamba ya dukani ni nene mno kwa tawi la Mpanda, ila angalau haimkeri mtu anayejua. Hata hivyo usikimbilie wembamba. Magurudumu ya zamani ya kipimo cha N yana kingo ndefu, na kwenye reli ya Atlas code 55 kingo hizo hugonga vishikizo vya reli. Code 55 ya Peco imetengenezwa kwa ujanja: reli ni nene, ila sehemu ya chini imezama ndani ya mataruma ya plastiki, kwa hiyo inaonekana nyembamba na inabaki imara. Kwa mtu atakayezibeba mbao zake kila msimu wa mavuno, uimara huo nitaulipia.

Chuma chenyewe kisikupe shida ya kuchagua. Nunua reli iliyoandikwa nikeli silva. Jina linadanganya, hamna fedha ndani, ni shaba, nikeli na zinki. Reli ya chuma cha kawaida huota kutu. Ya shaba njano ni rahisi na hupatikana kwenye mikusanyo ya mitumba, lakini hupata ukungu unaozuia umeme, na utakuwa unaisugua kila wiki mpaka uichukie.

Sasa bei. Nilibakiza wapinzani wawili.

Wa kwanza ni reli ya kupinda ya Peco. Inauzwa kwa urefu wa yadi moja, milimita 914, unaipinda kwa mkono, unaikata kwa msumeno mdogo au koleo maalumu, unaipigilia. Katika maduka ya Uingereza yadi moja huwa kati ya pauni 5 na 7, na pointi moja kati ya pauni 15 na 25. Wa pili ni Kato wa Japani na mfumo wao wa Unitrack: vipande vigumu ambavyo reli, mataruma na kokoto vyote vimeundwa pamoja kwa plastiki, unavibana kimoja kwa kingine kama vifungo. Kipande kilichonyooka ni milimita 248, na pakiti ya vinne, karibu mita moja, huwa kama yeni 1,000. Pointi ni kama yeni 3,000, na tayari ina mota ndani yake.

Nimekadiria pauni kwa shilingi 3,300 na yeni kwa shilingi 17. Ukisoma haya wakati viwango vimebadilika, badilisha namba tu, hesabu haibadiliki.

Kwa stesheni ya pointi tano na mita sita za reli, Peco: yadi saba kwa pauni 6 ni pauni 42, pointi tano kwa pauni 19 ni 95, viungio pauni 4. Jumla pauni 141. Weka pauni 30 za kusafirisha, unafika 171, yaani shilingi 564,000 hivi. Kato: pakiti sita ni yeni 6,000, pointi tano ni 15,000, usafiri tuseme 4,000. Jumla yeni 25,000, yaani shilingi 425,000.

Wengi huishia hapo, wakifika forodhani wanashika kichwa. Bidhaa iliyokamilika kwa kawaida hutozwa ushuru wa asilimia 25 wa thamani ikiwa pamoja na nauli na bima. Juu ya jumla hiyo inakuja VAT ya asilimia 18. Kuna ada ya forodha ya asilimia 0.6. Halafu kuna Ushuru wa Maendeleo ya Reli, nilioukadiria kwa asilimia 1.5 ulioanza nayo mwaka 2015. Nilicheka peke yangu nilipoufikia: anayenunua reli ya milimita 9 naye anachangia ile ya milimita 1,435. Ukijumlisha yote, kila shilingi 100 inakuwa karibu 150. Peco inapanda hadi shilingi 840,000 hivi, Kato hadi 636,000, na bado mzigo haujapanda basi la kuja Mpanda, wala gari la kuja kwetu.

Ila jumla si namba inayofaa kuamulia. Inayofaa ni gharama ya kila kitu kikiwa tayari kimelipiwa kodi. Mita moja ya Peco inanifikia kwa kama shilingi 32,000, na pointi moja kwa shilingi 94,000. Kwa Kato mita ni shilingi 25,000, pointi 76,000. Katika mifumo yote miwili, pointi moja ni sawa na mita tatu za reli. Ndiyo maana kuchukua kalamu na kufuta pointi moja kwenye mchoro kunaokoa zaidi ya kubishana na muuzaji wiki nzima juu ya bei ya yadi. Kutoka nane nilishuka hadi tano kwa dakika kumi, kwa kujiuliza swali moja tu: hii pointi inafanya kazi gani ambayo nyingine haiifanyi?

Kwa bei peke yake Kato ameshinda. Kwa chumba cha magunia ameshinda tena, kwa sababu unaweza kuivunja stesheni nzima, ukaipanga kwenye boksi na kuirudisha baada ya miezi minne bila kung'oa msumari. Mtu anayeanza, mwenye meza ya kulia chakula tu na watoto wanaotaka treni izunguke leo leo, anunue hiyo asiendelee kusoma. Mimi nilisita kwa mambo mawili. Vipande vigumu vinakupa pembe na mizunguko ya kiwandani: milimita 249, 282, 315 na kadhalika, na stesheni yako itafanana na ya kila mtu. La pili ni muonekano. Kokoto za plastiki zilizopangwa vizuri hazifanani na tuta la reli ya Mpanda wakati wa kiangazi, majani yameota katikati ya mataruma na mbuzi wanapita. Unaweza kuzipaka rangi na kuzimwagia mchanga, lakini ukizigandisha umepoteza ile faida ya kuzivunja.

Turudi kwenye pointi, maana ndizo zitakazokuudhi au kukupa raha. Jambo la kwanza ni mzunguko wake. Pointi ndogo kabisa ya seti ya Peco katika kipimo cha N ina nusu kipenyo cha milimita 228. Kwa kipimo changu ni mita 27. Toroli la kubebea udongo lingepita, treni ya abiria ingelalamika. Ya kati ni milimita 457, kubwa ni 914, ambayo ni sawa na mita 110. Kwa Kato, namba 4 ina milimita 481 na namba 6 ina 718. Namba 4 ni fupi, milimita 126, namba 6 ni 186, na wazoefu wengi huipendelea namba 6 kwa sababu magurudumu hupita humo bila kuruka. Katika pointi tano, tofauti ya urefu wa hizo mbili ni sentimita 30, na hizo kwa kipimo cha 1:120 ni mita 36, yaani mabehewa mawili ya abiria. Hapo unalipa kwa nafasi badala ya fedha. Nililipa. Treni fupi inayopita vizuri ni bora kuliko treni ndefu unayoiokota.

Nilijifunza hilo kwa mfuko wangu. Mwanzoni kabisa nilinunua pointi nne zisizo na jina kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, kwa bei ya pointi moja ya maana. Zilifika vizuri kwenye karatasi laini. Kila behewa lililopita kwenye ya pili lilipanda juu ya ulimi na kulala ubavu. Nilipopima niliona upana kati ya reli unabadilika ndani ya pointi moja. Kumbe kuna kipimo cha bati kinachouzwa na NMRA, chama cha wenye reli ndogo cha Marekani, unakiingiza kati ya reli na kati ya magurudumu, unajua papo hapo kama tatizo ni njia au ni behewa. Hicho nunua pamoja na yadi ya kwanza. Pointi zile nne bado ninazo, ni mapambo.

Jambo la pili ni umeme. Treni hizi hunyonya umeme kutoka kwenye reli kupitia magurudumu, reli moja chanya, nyingine hasi. Katikati ya pointi kuna mahali reli ya chanya inakatana na ya hasi. Mafundi wa Kiingereza wanapaita chura, basi tuseme frogi. Ukiweka plastiki pale, kama Insulfrog ya Peco, hakuna shoti na hakuna waya wa ziada, lakini kichwa kifupi kikipita polepole magurudumu yake hukosa umeme na kusimama hapo hapo. Ukiweka chuma, kama Electrofrog, kichwa hakisimami, ila frogi lazima ibadilike kutoka chanya kuwa hasi kila unapogeuza ndimi, na reli mbili zinazotoka kwenye frogi lazima ziungwe kwa viungio vya plastiki, la sivyo ni shoti. Siku hizi Peco wanahamia Unifrog, ambayo frogi yake ni ya chuma lakini imetengwa: unaweza kuiacha bila umeme mwanzoni, ukaiunganisha waya ukipata muda. Kwa anayeanza bila fundi karibu, hiyo ndiyo ya kununua.

Electrofrog ikiachwa jinsi ilivyotoka dukani hupata umeme kwa ulimi kuigusa reli. Niliupeleka mchoro wa umeme huo kwa kijana mmoja anayetengeneza simu.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Hebu nitazamie hii.”

Aliugeuza mchoro, akaurudisha. “Huu umeme wa katikati unategemea chuma kugusana na chuma tu?”

“Ndivyo walivyoitengeneza.”

“Kwa vumbi la hapa, mwalimu? Simu nyingi zinazoletwa haziingizi chaji, ukifungua ni vumbi tu. Weka swichi. Mimi nitakuchomea waya.”

Swichi ya njia mbili ni ya bei ndogo kwenye duka lolote la vifaa vya umeme, na inaweza kufungwa ili mkono ule ule unaosogeza ndimi ubadilishe na umeme wa frogi. Tangu siku hiyo sijasoma tena mjadala wowote wa Insulfrog na Electrofrog. Wanaojadiliana wengi wana vyumba vyenye zulia.

Kuhusu mota za pointi, maoni yangu ni mafupi: usinunue. Mota ya sumaku inahitaji msukumo mkubwa wa umeme wa ghafla, ya polepole kama Tortoise ni nzuri lakini bei yake inakaribia ya pointi yenyewe. Pointi za Peco zina springi ndani inayoushika ulimi upande ulioelekezwa, unazigeuza kwa kidole. Pale kidole kisipofika, nimetoboa ubao na kupitisha spoku ya baiskeli, moja kwa kila pointi, yenye kichwa cha kushikia ukingoni mwa ubao. Nikiivuta nageuza njia, na ile swichi imefungwa kwenye spoku hiyo hiyo. Mamba haikosi spoku.

Wenye kununua mfumo wa Kato watakuwa wamelipia mota watake wasitake, na hilo lihesabiwe kwa haki: kwa mtu aliyehitaji mota, pengo la bei kati ya wawili hawa linakuwa kubwa zaidi ya nilivyoonyesha.

Umeme wa kuendeshea una habari njema. Treni za kipimo hiki hutumia volti 12 za moja kwa moja, na volti 12 ndizo zilizo kwenye betri ya sola ya nyumba nyingi vijijini. Unaongeza kidhibiti mwendo cha mota na swichi ya kugeuza uelekeo, basi. Lakini fyuzi usiisahau. Transfoma ya dukani ikipata shoti hujizima. Betri ya sola haijizimi, inatoa umeme wote iliyo nao, na shoti ya reli ndogo mara nyingi hutokea kwenye pointi iliyoelekezwa vibaya. Mataruma ya plastiki yatayeyuka kabla hujaifikia waya. Kichwa kimoja cha N hakifiki nusu ampea, kwa hiyo fyuzi ya ampea 1 inatosha, na ni ya mia chache.

Kuna chaguo la tatu nililoliacha kusudi hadi sasa: kujitengenezea pointi. Unanunua reli tupu, unakata vipande vya mbao za saketi zenye shaba kuwa mataruma, unachomea reli juu yake kwa risasi, na ndimi unazichonga kwa tupa mpaka zilale bapa ubavuni mwa reli. Frogi inatoka ya chuma, mzunguko unautaka wewe. Vifaa ni sehemu ndogo ya bei ya pointi ya dukani. Kazi yenyewe ni tupa, tupa, tupa. Ya kwanza itakataa. Ya tatu labda itakubali. Kwa mtu mwenye jioni nyingi na fundi simu mwenye mkono mtulivu, hii ndiyo bei ya chini kuliko zote. Nimeweka alama ya kuuliza kwenye daftari.

Zile treni za plastiki za betri zinazouzwa madukani na kwenye minada si washindani hapa. Reli zake hazipitishi umeme na haziunganiki na mfumo wowote niliotaja. Kwa mtoto wa miaka sita ni kitu kizuri kabisa.

Ubao nao ulinipa somo. Plaiwudi pekee hujikunja masika, kwa hiyo chini yake nimeweka fremu ya mabaki ya mninga kutoka kwa seremala. Si tu kwamba mninga hutulia, pia mchwa haupendi sana. Wajenzi wa reli ya kati walimwogopa mchwa, sehemu kubwa ya njia ya zamani ikalazwa kwenye mataruma ya chuma, na nikipata muda nitayapaka mataruma yangu ya plastiki rangi ya kutu badala ya rangi ya mti. Kwa kokoto natumia mchanga wa mtoni uliochekechwa, nikiugandisha kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa na maji. Kabla ya hapo unapitisha sumaku ya spika ya zamani ndani ya mchanga mkavu. Utashangaa chembe nyeusi zitakazonata. Kila moja ingeingia kwenye mota. Na pointi haimwagiwi gundi, inawekwa mchanga kwa brashi, punje kwa punje, mbali na ndimi.

Kati ya yadi na yadi acha nafasi ndogo kama unene wa karatasi ngumu. Reli ya nikeli silva ya mita moja hurefuka karibu theluthi ya milimita joto likipanda nyuzi 20, na chini ya bati la Mamba kati ya alfajiri na saa nane mchana hilo si jambo la kufikirika. Usafi wa kila siku ni kitambaa na spiriti isiyo na mafuta kutoka duka la dawa.

Nilichoamua hatimaye: Peco code 55 ya kupinda, pointi za kati za Unifrog, za kugeuza kwa spoku. Nililipa zaidi ya bei ya Kato kwa macho yangu mwenyewe, sitajifanya ilikuwa busara. Mahali mbao mbili zinapokutana nimezichomea reli kwenye vichwa vya skrubu za shaba ili zisisogee, na hakuna pointi hata moja iliyo karibu na kiungo hicho. Mchoro umeshuka kutoka pointi tano hadi tatu. Njia ya mafuta imefutwa, na kichwa cha pili hakipo, kwa hiyo hakihitaji mahali pa kulala. Nilinunua kwa awamu: kwanza pointi moja na yadi mbili, nikaziacha mezani kiangazi kizima zikila vumbi, nikiendesha chasisi tupu mbele na nyuma jioni. Zilipostahimili nikaagiza ya pili. Kichwa sasa kinayazunguka mabehewa yake.

Ya tatu, ya kwenda ghalani, sijainunua. Mahali pake pamechorwa kwa penseli, na tundu la spoku limeshatobolewa. Wiki iliyopita mpunga umeanza kuingia, mbao nimezisimamisha ukutani, na gunia la kwanza limeuegemea mchoro huo.